Mfugaji Kumwuzia Mlaji Nyama

Alhamdulillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada. Imethubutu katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Jabir, kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza mkaa mjini kumwuzia bedui mali yake, akaamrisha watu waachwe, Mwenyezi Mungu awaruzuku wao kwa wao. Wanavyuoni wa Kishafii wameeleza kuwa mwenye kukatazwa ni yule amwambiaye mleta chakula kihitajiwacho na watu wote: "Niachie mimi, nitakuuzia kidogo kidogo kwa bei ya juu." Basi mfugaji amwuziaye mlaji kwa mkono wake mwenyewe amefanya jambo jema kwao wote wawili. Lakini wema wa jambo hausahihishi mapatano yaliyoharibika, na hapa ndipo wengi watelezapo.

Sura yake ni hii. Zaidi ana ng'ombe shambani, na Amri yuko mjini. Amri ampa Zaidi fedha leo, amwambia: "Ng'ombe yule mwekundu, paja lake la kulia ni langu utakapomchinja Ijumaa." Mauzo haya ni batili, kwani kiungo kilichoainishwa cha mnyama aliye hai hakikabidhiki, paja lingali latembea! Na fedha ile yampasa Zaidi airudishe, ijapokuwa wote wawili wameridhika.

Amri akitaka kulipa mbele ana njia mbili. Ya kwanza, anunue fungu la ng'ombe mzima, kama nusu au robo, pasipo kuainisha kiungo. Naye huwa mshirika wa Zaidi. Akifa ng'ombe baada ya Amri kukabidhiwa fungu lake, hasara ni yao wote kwa kadiri ya mafungu.

Ya pili ni salam: nyama huwa deni juu ya Zaidi, wala si ya ng'ombe fulani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameyataja katika Minhaj yapasayo kuelezwa: nyama ya ng'ombe, kondoo au mbuzi, dume au jike, aliyehasiwa au siye, anyonyaye au aliyeachishwa, aliyelishwa nyumbani au wa machungani, na ya paja, bega au ubavu. Sharti hilo la malisho, ambalo watu wa leo hulidhani kuwa ni jambo jipya, limo humo tangu zama hizo. Mfupa hupokewa kama ilivyo ada, wala Amri hana haki ya kuukataa. Uzani utajwe, muda ujulikane, na fedha yote itolewe kabla hawajaachana. Akitoa nusu, mapatano ya nusu iliyobaki hayasihi. Ng'ombe mwekundu akifa, deni halifi pamoja naye: Zaidi atatafuta nyama nyingine yenye sifa zile zile.

Asiyetaka haya na angoje mnyama achinjwe. Wala nyama haiuzwi kabla ya kuchunwa ngozi, wala haiuzwi kwa mizani kabla ya kutolewa yaliyomo tumboni. Tena Amri asilipe kwa mbuzi aliye hai: kuuza nyama kwa mnyama ni haramu, hata akiwa wa jinsi nyingine, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Amwuze mbuzi wake kwa fedha kwanza, kisha kwa fedha hiyo anunue nyama.