Kamionete ikikosa nguvu mlimani: tuangalie hewa na mazutu mbele ya kununua pompi



Somo letu la leo ni juu ya kamionete ya zamani ya mazutu, ile inayoshusha viazi, maharagi na fromaji kutoka milima ya Masisi kwenda Sake na Goma, ao inayobeba mafuta ya mawese upande wa Walikale. Gari ya namna hiyo haifi siku moja. Inaanza kwa kuchoka. Mlima iliokuwa inapanda na vitesi ya tatu, sasa inaomba ya pili, kiisha ya kwanza. Siku moja inasimama katikati ya mlima, na viazi vinabaki kwenye mvua.

Hapo mara nyingi tunasikia neno moja: “Pompi imekufa.” Pompi ni moja ya vitu vya bei kali sana kwenye motere. Koperative inaweza kumaliza pesa ya mbegu juu yake. Lakini kama shida ilikuwa filtri iliyoziba, pompi mpya itakosa nguvu vilevile kama ile ya zamani. Kwa hiyo tuanze na vitu vya bei ndogo, kimoja kimoja, kwa mpango.

Motere ya mazutu inataka nini?

Inavuta hewa, inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto sana, halafu enjektere zinapuliza mazutu ndani, na mazutu inawaka yenyewe. Basi inahitaji vitu vitatu: hewa ya kutosha, mazutu safi ya kutosha, na ukandamizaji mzuri. Viwili vya kwanza tunaweza kuviangalia sisi wenyewe. Cha tatu ni kazi ya fundi, na ndicho cha bei.

Tujue pia kwamba mlima wenyewe unakula nguvu. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000, Goma iko karibu mita 1,500, na vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2,000. Kila tukipanda mita 1,000, hewa inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Motere isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo gari iliyozoea Walikale ikichoka kidogo Masisi, huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale inaposhindwa mlima uleule, na mzigo uleule, ambao zamani iliupanda vizuri.

Moshi unasema nini?

Mtu mmoja asimame nyuma, mbali kidogo, wakati gari inapanda na mzigo.

- Moshi mweusi mwingi: mazutu ni nyingi kuliko hewa. Angalia filtri ya hewa kwanza, kiisha enjektere.
- Moshi mweupe hata motere ikiwa imepata moto: mazutu haiwake vizuri. Kunaweza kuwa maji ndani, enjektere mbaya, ao saa ya pompi haiko sawa.
- Moshi wa bluu: motere inakula mafuta yake.
- Hakuna moshi na hakuna nguvu: mazutu haifike ya kutosha. Hii ndiyo inayotokea mara nyingi pale tunaponunua mazutu ya bidoni.

Hatua kwa hatua

Mbele ya yote, weka gari mahali pa sawa, zima motere, tia mawe chini ya magurudumu. Hakuna kuvuta sigara.

*1. Ni motere kweli?* Tembeza gari mahali pa tambarare, halafu iache isimame yenyewe bila kukanyaga freni. Peleka mkono karibu na kila gurudumu, usiguse. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, freni yake imeshikilia, na motere inavuta mzigo usioonekana. Sikiliza pia ambreyaje: kama motere inalia kwa nguvu lakini gari haiongeze mwendo, na kuna harufu ya kuungua, ambreyaje inateleza.

*2. Kamba ya akseleratere.* Mtu mmoja akanyage pedali mpaka chini, motere ikiwa imezimwa. Mwingine aangalie kikono cha juu ya pompi. Kinapaswa kufika mpaka kwenye bulo yake ya mwisho. Kisipofika, kamba imelegea, ao tapi ya chini inazuia pedali. Kazi ya dakika kumi inaweza kurudisha nguvu.

*3. Hewa.* Toa filtri ya hewa, weka taa upande wa ndani. Usipoona mwangaza kupitia karatasi, filtri imekwisha. Kama bado ni nzuri, puliza vumbi kutoka ndani kwenda inje, kwa presha ndogo. Usiioshe na esanse. Wakati wa kiangazi iangalie kila juma. Usitembeze gari bila filtri hata siku moja, maana vumbi la barabara linakula motere kama musasa. Gari ikiwa na turbo, angalia tiyo zake: mpasuko mdogo unatoa hewa inje.

*4. Maji na filtri ya mazutu.* Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yanakaa chini. Fungua kifuniko kidogo cha chini ya filtri, pokea katika chupa nyeupe, acha itulie. Ukiona maji ao uchafu, endelea kumwaga mpaka mazutu ije safi. Filtri yenyewe isingoje kuziba kabisa. Kwa mazutu ya bidoni, kuibadilisha kila kilomita 5,000 ni busara. Ukiisha kuiweka, piga pompi ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna hewa inaingia, ao njia ya kutoka rezerware imeziba.

*5. Kifuniko cha rezerware.* Gari ikichoka kiisha mwendo mrefu, simama, fungua kifuniko. Ukisikia “fyuuu” ya hewa kuingia, tundu la kifuniko limeziba na mazutu haivutike. Lisafishe.

*6. Jaribio la bidoni.* Hili ndilo linaokoa pesa. Chukua bidoni safi yenye mazutu safi, na tiyo mbili, ile ya kuvuta iwe ya kuonyesha ndani. Tiyo ya kuvuta ifungwe kwenye filtri mpya, mahali pa tiyo ya rezerware. Ya pili ipokee mazutu inayorudi kutoka pompi. Bidoni ifungwe imara, mbali na eshapema. Piga pompi ya mkono, washa, halafu shofere apande mlima mfupi.

- Nguvu ikirudi: pompi ni nzima. Shida iko katika rezerware ao tiyo za chini ya gari: kutu, kichujio cha ndani, ao mpira uliopasuka.
- Ukiona povu kwenye tiyo ya kuonyesha: hewa inaingia. Kaza viungo, badilisha mpira.
- Hakuna kilichobadilika: sasa muende kwa fundi. Muombe apime enjektere, aangalie saa ya pompi, nafasi ya valvu na ukandamizaji, mbele ya kusema pompi ibadilishwe. Muulize pia mkanda wa meno ulibadilishwa lini. Kwenye motere nyingi za Toyota za zamani unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika unaharibu motere.

Mambo ya kukataa

Mtu akisema, “Niongeze bulo ya pompi kidogo, itapata nguvu,” mumwambie hapana. Kuongeza mazutu bila kuongeza hewa kunaleta moshi mweusi na moto mwingi, na kichwa cha motere kinaweza kupasuka.

Msichanganye mazutu na esanse ao petroli ya taa. Mazutu ndiyo inayolainisha pompi hizi za zamani. Ikikosa ulaini huo, chuma kinakula chuma.

Na hatari kubwa: usiweke kidole mbele ya enjektere ao tiyo ngumu ya enjektere inayovuja wakati motere inazunguka. Presha pale inapita mara 30 ya ile ya mpira wa gari. Mazutu inaweza kuingia ndani ya ngozi kama sindano. Mtu akipatwa hivyo, hata kidonda kikionekana kidogo, apelekwe hospitali mara moja.

Mazutu ya bidoni

Mahali pengine hakuna stasyo, na hakuna lingine la kufanya. Basi nunueni jioni kama inawezekana, acheni bidoni itulie usiku mzima bila kuitikisa. Asubuhi mimineni polepole kupitia kitambaa safi, na vidole viwili vya mwisho visiingie katika rezerware. Jazeni rezerware jioni, kwa sababu rezerware tupu inaokota maji kwa baridi ya usiku wa Masisi.

Daftari ya gari

Shofere aandike kila safari: tarehe, kilomita, litre za mazutu, uzito wa mzigo, na vitesi iliyotumika kwenye mlima mkubwa. Litre zikianza kupanda na vitesi kushuka, ugonjwa umeanza, hata kama gari bado inatembea. Daftari hiyo inalinda pia shofere na fundi. Komite haitabishana kwa maneno, itasoma.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano

1. Filtri za gari yetu zilibadilishwa lini mara ya mwisho? Nani anajua, na iliandikwa wapi?
2. Tunaweza kuweka akiba gani kila safari, ili filtri mbili za mazutu na moja ya hewa zikae stoo siku zote?
3. Nani katika komite atakuwepo wakati wa jaribio la bidoni, mbele ya kutoa pesa ya pompi?