Bustani ya Chuo Kikuu: Pambo au Darasa?

Mgeni aingiaye katika eneo la chuo kikubwa hupokewa kwanza na bustani. Kabla hajaonana na mhadhiri wala kusikia mhadhara wowote, huona mawe ya kando ya njia yaliyopakwa chokaa, bogenvilia zilizopunguzwa vizuri, nyasi zilizokatwa zikalingana, na kibao kinachomkataza mtu kuzikanyaga. Hupendezwa, na ni haki yake kupendezwa. Lakini akimwuliza mwanachuo apitaye hapo jina la mti uliompa kivuli, mara nyingi jibu ni tabasamu. Mwanachuo huyo amepita chini ya mti huo kila siku kwa miaka mitatu.

Makala haya yanakusudia kueleza namna bustani na viwanja vyenye miti katika vyuo vikuu vinavyoweza kutumiwa kufundishia, hasa na wakufunzi wanaowaandaa walimu. Hoja yetu ni kwamba bustani ya chuo kikuu, kwa asili yake, haikuwa pambo. Ilianzishwa iwe darasa. Na pale inapoacha kuwa darasa hupoteza mtetezi wake.

Chanzo cha bustani za vyuo vikuu

Katika mji wa Padua, nchini Italia, chuo kikuu kilifundisha utabibu tangu zama za kati. Dawa nyingi za wakati huo zilitokana na mimea, na mafundisho juu ya mimea hiyo yalitegemea vitabu vya kale vya Kiyunani, kama vile vya Dioscorides na Galen. Taabu ilikuwa hii: vitabu viliieleza mimea kwa maneno, tena vilikuwa vimenakiliwa mara nyingi na watu ambao hawakuiona mimea yenyewe. Sokoni nako wauza dawa waliuza mmea huu kwa jina la ule, wengine kwa kutojua, wengine kwa udanganyifu. Tabibu aliyehitimu kwa kukariri kitabu hakuwa na uwezo wa kumsahihisha muuzaji. Hasara ya ujinga huo ilimwangukia mgonjwa.

Mwaka 1533 Francesco Bonafede alikabidhiwa kazi ya kufundisha somo la mimea ya dawa katika chuo hicho. Hakuridhika na kuwasomea wanafunzi kitabu. Aliomba iwepo bustani ambamo mwanafunzi ataonyeshwa mmea halisi, aushike na kuunusa, na mwaka 1545 Baraza la Jamhuri ya Venice, iliyoutawala mji huo, likaamuru bustani ianzishwe. Ilichorwa kama duara kubwa. Ndani ya duara ukawekwa mraba, mraba ukagawanywa sehemu nne, na kila sehemu ikajaa vitalu vidogo vidogo. Watu husifu uzuri wa umbo hilo, nao hawakosei. Lakini mwalimu akilitazama kwa makini ataona kuwa ni andalio la somo lililochorwa ardhini. Kitalu kidogo chenye mmea mmoja humwezesha mwanafunzi kusema mmea uko wapi, kuurudia kesho yake, na kuulinganisha na ule ulio jirani.

Thamani ya mimea hiyo ilijulikana upesi hata kwa wezi, waliokuwa wakiingia usiku ingawa adhabu zilikuwa kali. Ndiyo sababu mwaka 1552 bustani ilizungushiwa ukuta, ambao upo mpaka leo. Mji wa Pisa ulitangulia kuwa na bustani ya namna hiyo kwa mwaka mmoja hivi, lakini ile ya Pisa ilihamishwa. Ya Padua haijaondoka mahali pake, na mwaka 1997 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ndani yake umo mti wa jamii ya mitende uliopandwa mwaka 1585. Mwaka 1786 mwandishi wa Kijerumani, Goethe, alisimama mbele ya mti huo akaona jinsi majani yake ya chini yalivyo sahili, na jinsi yanavyobadilika hatua kwa hatua kuelekea juu mpaka yakafanana na upepeo. Fikra zake juu ya mabadiliko ya majani alizitoa katika kitabu mwaka 1790. Mti ulikuwa umekaa pale miaka 200 ukitazamwa na wengi. Kutazama, basi, nako hufundishwa.

Huko Uppsala, Sweden, Carl Linnaeus alipokuwa profesa mwaka 1741 aliikuta bustani ya chuo, iliyoanzishwa mwaka 1655, katika hali ya kuachwa tangu moto mkubwa ulioukumba mji mwaka 1702. Aliifufua, akaipanga upya kwa kufuata taratibu yake ya kuainisha mimea, kisha akafanya jambo ambalo wakufunzi wengi tungeliogopa: aliwatoa wanafunzi nje ya bustani yenyewe, akatembea nao mashambani na misituni siku nzima, nao wakarudi mjini jioni kwa tarumbeta na ngoma.

Cambridge, Uingereza, ina fundisho la namna nyingine. Bustani yake ya mwaka 1762 ilikuwa ndogo, katikati ya mji, imekusudiwa mimea ya dawa. John Henslow, aliyekuwa profesa wa elimu ya mimea tangu mwaka 1825, aliona kuwa somo lenyewe limepanuka na kwamba miti mikubwa haina nafasi pale. Ardhi mpya ilinunuliwa mwaka 1831, na bustani mpya ikafunguliwa mwaka 1846. Palipokuwa na bustani ya zamani pakajengwa majumba ya sayansi. Hapa bustani ilikutana na haja ya majengo, lakini haikupotea, kwa kuwa alikuwapo mwalimu aliyeweza kueleza inafundisha nini. Miongoni mwa vijana waliotembea na Henslow alikuwamo Charles Darwin.

Mlimani

Tugeukie kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki, katika jengo la mjini, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, yapata kilomita 13 kutoka katikati ya jiji. Watu wakapaita Mlimani, na jina hilo limekuwa jina la chuo chenyewe katika mazungumzo ya kila siku. Aliyewahi kusoma pale hukumbuka mitelemko yenye miti na tumbili wanaovuka njia kana kwamba nao wana kipindi cha kuwahi.

Kwa miaka mingi sasa majengo yameongezeka: mabweni makubwa yaliyofunguliwa mwaka 2017 na maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ni baadhi tu. Hatulalamiki juu ya mabweni, kwani mwanafunzi asiye na pa kulala hasomi. Tunalosema ni kwamba katika kila chuo, ramani ya jengo inapofika mezani, jengo huwa na hoja zilizoandikwa: idadi ya vitanda, idadi ya viti, gharama. Mti hauna karatasi. Kama hakuna somo hata moja katika ratiba linalouhitaji, nani atasimama kuusemea? Kusema kwamba unapendeza ni kweli, lakini hoja hiyo ni dhaifu mbele ya kamati.

Somo la mwarobaini

Nitaeleza somo moja nililolifanya na walimu wanafunzi katika chuo kimoja cha pwani, kwa sababu linafanana sana na tatizo la Padua. Katika bustani ya chuo kulikuwa na mwarobaini, na hatua chache kutoka hapo mti wa melia, ambao wengine huuita mwarobaini nusu. Miti hiyo ni ya jamii moja na hufanana kwa mbali. Niliwaambia wanachuo 24 wanijie kila mmoja na tawi dogo la mwarobaini. Kumi na mmoja walileta melia.

Sikuwasahihisha. Nilitandika matawi yote juu ya meza, nikawataka wayapange mafungu mawili bila kutaja jina, kisha waeleze wameyatenganisha kwa kigezo gani. Walichukua karibu nusu saa. Waliona wenyewe kuwa jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vyake vilivyopinda kidogo, vyenye meno meno pembeni, vimepangwa pande mbili za uti huo. Lakini jani la melia lina uti unaotoa vijiti vingine, na vijani vimeshikwa na vijiti hivyo. Tulipotoka nje wakaongeza kuwa maua ya mwarobaini ni meupe, na ya melia yana rangi ya zambarau hafifu. Ndipo nikawaeleza kwamba tunda la melia lina sumu, na nikauliza ni nani kati yao aliyewahi kuchemshiwa majani ya mwarobaini nyumbani. Wote waliinua mikono. Nikauliza tena ni nani aliyeyachuma. Kimya kilichofuata kilikuwa sehemu bora ya kipindi kile.

Mkufunzi atakayependa kulijaribu somo hili azingatie jambo moja: jina lije mwisho. Tukianza na jina, mwanafunzi huliandika daftarini na macho yake hufumba. Akianza na tofauti, huwa na njaa ya jina. Pia asiruhusu mtu kuonja chochote. Katika bustani zetu umo uoleanda, ambao ni sumu kali, nao hupandwa kwa ajili ya maua yake mazuri.

Masomo mengine

Si sayansi peke yake inayofaidika. Mwalimu wa Kiswahili aliye na mnazi uwanjani ana kipindi kizima juu ya kichwa chake: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tunda ni moja, na kila hatua ya umri wake ina jina. Aidha mpango wa ngeli, ambao wanafunzi huuona mgumu ubaoni, huwa wazi wanaposimama kati ya mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mkorosho na korosho, wakauliza kwa nini korosho moja na korosho nyingi hazibadiliki.

Mwalimu wa historia awaulize wanafunzi kila mti umetoka wapi. Mwembe na mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Mjakaranda na bogenvilia ni za Amerika Kusini. Mkrismasi, wenye maua mekundu ya mwezi Desemba, ni wa Bukini. Mbuyu ni mwenyeji wetu. Orodha hiyo ikiandikwa juu ya ramani ya dunia, njia za majahazi na meli zitajichora zenyewe.

Hisabati ni rahisi zaidi. Fito ya mita 1 iliyosimamishwa wima ikitoa kivuli cha mita 0.8, na wakati uo huo mti ukitoa kivuli cha mita 9.6, basi urefu wa mti ni mita 12, na hakuna aliyepanda.

Hapa ni lazima niseme neno juu ya fyekeo. Katika shule nyingi, mwanafunzi aliyechelewa au aliyezungumza darasani hupelekwa kufyeka nyasi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka kazi ya mikono iungane na masomo. Sisi tukaichukua kazi hiyo tukaifanya kiboko. Mwalimu mwanafunzi aliyeijua bustani kwa njia ya adhabu ataipeleka adhabu hiyo hiyo katika shule atakayopangiwa, na mtoto wa darasa la tano atajifunza mapema kwamba majani ni mahali pa wakosefu. Katika chuo nilichokitaja tuliomba adhabu ya kufyeka iondolewe kabisa na kazi ya bustani iwekwe katika zamu za wote, wakufunzi wakiwamo. Ombi la kwanza lilikubaliwa. La pili lingali linajadiliwa.

Gharama ni ndogo. Vibao tulitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki katika karakana, na maandishi kwa rangi ya mafuta: jina la Kiswahili, jina la kitaalamu, asili ya mti. Usifunge kibao kwa waya kuuzunguka mti, kwani mti hunenepa na waya huukata ganda. Kisimamishe juu ya kigingi. Vibao vitatu viliibwa mwezi wa kwanza, kama ilivyokuwa Padua, ila sisi hatukuwa na ukuta.

Wanachuo walivipa vibao nambari kabla ya kuvipa majina. Kibao cha 12 kimesimama chini ya mti mrefu nyuma ya bwalo, ambao mtunza bustani alimwachia mrithi wake bila jina. Wazee wawili wa kijiji cha jirani waliutambua, lakini kila mmoja kwa jina la kabila lake, nao hawakukubaliana kama matunda yake huliwa. Wanachuo wamekausha tawi lenye maua kati ya magazeti, wakaandika mahali lilipochumwa na tarehe, na mmoja wao amelipeleka Mlimani, kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa, likalinganishwe. Mpaka tunaandika haya, kibao cha 12 kina nambari tu.