Banda la Nguruwe Linalohama

Ukitaka kufuga nguruwe nje, kwenye malisho, huku Tabora, anza na uzio, banda litafuata. Miombo ina ngiri, na mashimo ya ngiri yana papasi wanaobeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Ngiri mwenyewe haugui. Homa hiyo ikiingia kwa nguruwe wako inaweza kumaliza karibu wote. Haina tiba, wala huna chanjo ya kukimbilia. Zungushia waya, ufukie sentimita 30 hivi chini maana ngiri huchimba, kisha weka uzio wa pili ndani, hatua mbili kutoka wa kwanza. Gharama inauma. Asiyeimudu abaki na banda la kudumu.

Papasi ni wenyeji wa zamani wa njia za misafara. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza kwenye vibanda vya wasafiri, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, walikokuwa wakieneza homa ya papasi kwa watu. Hujificha kwenye nyufa za udongo na vumbi la sakafuni, na hukaa miaka bila kunyonya damu. Kwa hiyo banda lisiwe na ukuta wa udongo, na usilisimamishe kwenye boma la zamani.

Chukua magogo mawili ya mkaratusi, chonga ncha za mbele zipinde juu kama za mtumbwi. Juu yake funga fremu ya mita 2 kwa 2.5, inayomtosha jike na wanawe, uizibe kwa mbao na kuiezeka bati. Tandaza nyasi juu ya bati, la sivyo Septemba itawaoka. Sakafu usiweke, ili jozi ya maksai wa plau ilivute banda bila taabu.

Lini uhamishe? Usisubiri ardhi ibaki uchi. Masika nyasi huchipua upesi, ila epuka mbuga: tope lake humeza banda na miguu. Kiangazi nyasi hazirudi, na hapo ndipo matuta ya viazi vitamu yanapofaa. Ukishavuna, waingize nguruwe. Watafukua vilivyosalia, watalainisha matuta na kuacha mbolea kabla ya mvua za Novemba. Embe zinazoanguka waachie, ila ongeza pumba na mashudu ya alizeti, maana sukari haijengi nyama. Shamba lililotoka kwenye tumbaku liache kwanza: lilipigwa dawa, na ukilenga soko la kilimo hai, viwango vyake vya Afrika Mashariki vilivyopitishwa mwaka 2007, vyenye alama ya Kilimohai, vinadai kipindi cha mpito.

Mayai ya minyoo hudumu ardhini miaka, hivyo usirudi haraka palepale. Na kila mtu shambani atumie choo. Nguruwe akila kinyesi cha mwenye tegu, nyama yake hubeba lava. Mayai ya tegu yakimwingia binadamu, lava hufika ubongoni na kuleta kifafa.

Tukirudi kwenye homa ya nguruwe: usiazime dume la jirani. Makombo ya hotelini usiyalete kabisa, maana hujui nyama yake ilitoka wapi.

Nguruwe wakianza kufa mfululizo, masikio na tumbo vimegeuka vyekundu, usikimbize waliobaki kwenye kitimoto. Funga geti, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.