Moteri ya pikipiki imeharibika: uhesabu mbele ya kuifungua

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, somo letu la leo ni juu ya pikipiki. Mtauliza: mtu wa dispensere anatafuta nini katika mambo ya mafundi? Sikilizeni kwanza. Katika kampi zetu wengi wamenunua pikipiki, huyu ya kwendea kazini, yule ya kumpa kijana wake afanye taksi. Moteri ikifa, makuta ya kuitengeneza yanatoka katika mfuko uleule wa unga, wa dawa na wa masomo. Tena mara nyingi moteri hiyo inafunguliwa ndani ya nyumba, palepale watoto wanapolala. Hapo kazi yangu inaanza.

Je, moteri inaharibika kwa sababu gani? Kwetu adui wa kwanza ni vumbi. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa Katanga ni kukavu, magari makubwa yanasaga barabara, na pikipiki inayofuata nyuma inavuta vumbi lile kama wewe unavyolivuta. Ndani ya vumbi la mawe mna kwarzi, na kwarzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Filtri ya hewa ikipasuka, au kijana akiiondoa ili pikipiki ikimbie zaidi, vumbi linaingia moja kwa moja, linachanganyika na mafuta na kufanya kazi ya jiwe la kunolea kisu. Segma zinaliwa, silinda inaliwa. Moshi wa buluu unatoka nyuma: ni mafuta ya moteri yanayoungua. Kwenye mlima nguvu inakosa. (Vumbi hilohilo, ukilivuta miaka mingi bila maski, linaharibu mapafu. Ugonjwa wenyewe unaitwa silikozi, dawa ya kuuponyesha hakuna, na piesi za mapafu haziuzwi sokoni.)

Ukiona moshi wa buluu, usingoje. Pengine ugonjwa ungali juu: fundi anafungua kichwa na silinda, anabadili segma, labda na pistoni. Ukiendelea kupanda hivyo, mafuta yanapungua na wewe hupimi, ugonjwa unashuka chini. Silinda inataka kupanuliwa katika atelie, kisha biele na vilebreke zinaanza kugonga. Kufikia hapo lazima moteri itolewe kwenye pikipiki na kasha lake lifunguliwe pande mbili. Bei si ile tena.

Wengi wanauliza bei ya pistoni dukani, wanarudi nyumbani na kusema: bei naijua. Hapana, ndugu, hujaijua. Tuhesabu kwa vipande, si kwa franga, maana bei zinabadilika. Namba hizi ni mfano tu. Pistoni na segma zake, tuseme vipande 100. Kupanua silinda, 60. Karatasi na mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, ambayo ikifunguliwa hairudishwi, 40. Mafuta mapya, buji na filtri mpya, 30. Mkono wa fundi, 100. Tumefika 330. Sasa, kama pikipiki ilikuwa inaleta vipande 20 kila siku, na imelala siku 12 kungojea piesi, umepoteza 240 vingine. Jumla 570! Yule aliyetoka nyumbani na vipande 100 ataingia deni, au ataiacha moteri wazi ndani ya sanduku mpaka piesi nzima nazo zipotee.

Kwa hiyo kaa na bibi yako, mwandike yote katika kaye mbele ya kufungua hata bulo moja. Mwambie fundi apime silinda kwanza, ndipo ununue pistoni. Pistoni za kupanulia zinaenda kwa hatua: milimita 0,25, halafu 0,50, 0,75, mpaka 1,00. Ukinunua bila kupima unaweza kuleta isiyofaa, na muuzaji hatarudisha makuta yako. Silinda nyingine za alumini zimepakwa ndani ngozi ngumu ya nikeli. Hizo hazipanuliwi namna hii, mara nyingi zinabadilishwa. Uliza pia bei ya moteri nzima. Pikipiki nyingi za barabara zetu zinatoka China na India, na moteri zake nzima zinauzwa. Kwa akili yangu, kama vilebreke imeharibika na jumla ya kaye yako imepita nusu ya bei ya moteri mpya, simama ufikiri tena.

Filtri je? Ile ya sponji inaoshwa kwa maji na sabuni, inakauka kivulini, inapakwa mafuta kidogo na kukamuliwa. Ile ya karatasi haioshwi. Inakung'utwa, na ikichakaa inabadilishwa. Wakati wa vumbi kali itazame kila juma.

Sasa hesabu ya mwili, ambayo fundi haandiki. Wengi wanaosha piesi na mikono yao kwa esansi. Esansi inakausha ngozi mpaka inapasuka, na ndani yake mna benzeni inayodhuru damu. Mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, yakigusa ngozi miaka na miaka, yanaweza kuleta kansa ya ngozi. Jipake mafuta ya kupikia, futa, kisha sabuni na maji. Kitambaa chenye mafuta usikitie katika mfuko wa suruali. Wala usivute esansi kwa kinywa na mpira: tone moja likishuka njia ya hewa, mapafu yanaungua.

Moteri ikiisha kufungwa, inajaribiwa. Kuna watu wanaoijaribu ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwa woga wa wezi. Moshi huo una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, halafu usingizi. Mama, kama watu wote wa nyumba wameshikwa namna hiyo kwa mara moja, usiseme tu ni malaria. Watoe wote nje kwenye hewa, zimeni moteri, na walete upesi wapewe oksijeni. Mbabula nayo, ikiwaka makala ndani ya nyumba usiku, inatoa sumu hiyohiyo. Tena mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye moto. Pikipiki ikilala ndani, mbabula ilale nje, na robine ya esansi ifungwe.

Jambo moja lingine, juu ya watoto. Esansi iliyobaki watu wanaitia katika chupa ya limonade na kuiweka chini ya meza. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwa kuwa ikipanda tena inaweza kuingia katika mapafu. Usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, na umlete dispensere pamoja na chupa yenyewe, hata kama unamwona anacheza: kikohozi na pumzi fupi vinaweza kuanza kisha saa kadhaa.