Washairi wa Pate, Lamu na Mvita

Mto Kilombero, upitao karibu na Ifakara, huungana na mto Luwegu, na hapo ndipo uanzapo mto Rufiji, ambao maji yake huishia katika Bahari ya Hindi. Msafiri atokaye mlango wa mto huo kwa jahazi, akisukumwa na upepo wa kusi, hupita Unguja, kisha Mvita, na mwisho huona visiwa vya Lamu na Pate. Katika miji hiyo zamani walikaa mafundi na watunzi wenye sifa kubwa.

Watu wa Ulaya huvisifu sana vitabu na picha za Hispania za miaka ya 1500 na 1600, na huziita siku hizo Karne ya Dhahabu. Wakati huo Cervantes alitoa hadithi yake ya Don Quixote, mwaka 1605, na Velázquez alichora picha zake. Tena Felipe wa Pili, mfalme wa Hispania, alipata kuitawala Ureno pia tangu mwaka 1580. Na chini ya enzi yake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mvita, mwaka 1593. Basi watu wa pwani waliijua dola ile kwa mizinga yake, wala si kwa vitabu vyake.

Ngome hiyo ilitwaliwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698, na enzi ya Wareno upande huu ikavunjika. Pate ilikuwa mji wa matajiri. Wafua dhahabu na fedha walikuwako, na wachongaji wa pembe za ndovu, zilizotoka bara. Kazi yao iliyo bora kupita zote ni siwa ya Pate, baragumu kubwa ya pembe iliyopulizwa siku za sherehe za wakubwa.

Mwaka 1728 mtu wa Pate, Mwengo bin Athumani, alitunga Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya 1,000, akisimulia vita vya Waarabu na Warumi wa Mashariki. Wenye elimu wa mji ule walijua Kiarabu, lakini Mwengo alitunga kwa Kiswahili, akakiandika kwa herufi za Kiarabu. Kama vile Cervantes naye alivyoandika kwa Kihispania, si kwa Kilatini cha wanachuoni.

Lakini utajiri haukudumu. Pate ilipigana na Lamu, na katika vita vya Shela, miaka ya 1810 na kitu, ikashindwa vibaya. Katika zama hizo za kuanguka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiuonya moyo wake kwa kuutazamisha majumba ya mabwana yaliyokuwa magofu. Ni ajabu kwamba mji uliokuwa ukifa ndio uliozaa shairi zuri hivi.

Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, jinsi ya kukaa na watu na kuishika nyumba. Alikufa miaka michache baadaye. Utendi ule ulinakiliwa mkono kwa mkono, na wanawake wengi wakaujua kwa moyo.

Huko Mvita Muyaka bin Haji aliimba habari za vita, biashara, mapenzi na njaa, mambo ya sokoni na barazani. Alikufa yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu tu, na kila mzee aliyekufa alikwenda na beti zake kaburini. Mwalimu Sikujua, mtu wa Mvita, ndiye aliyezikusanya zilizosalia, akampa mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyeziandika na kuzitunza. Mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya kufa Muyaka, diwani yake ikapigwa chapa.