Mafuta Yasiyozuia Risasi

Somo la wiki. Soma kwanza: Yohana 9:1-3, Luka 13:1-5, Mathayo 4:5-7, Ufunuo 12:7-11.



Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada ya vijana, nilikuwa nakunja viti pale nyuma wakati kijana mmoja wa kidato cha tatu aliponifuata. "Pasta, kuna gemu tunacheza na maboyz jioni hapa Komarock. Mathe anasema ni ya shetani. Ni dhambi?"

Nikamwuliza ni gemu gani. Kumbe si ya simu. Ni ya mezani, ya dadu, karatasi na kusimuliana hadithi, inaitwa Dungeons & Dragons. Hadithi wanayocheza wao ilitoka mwaka 2014. Kuna kikundi cha siri kinachotaka kumtoa kuzimu mungu mke wa majoka, Tiamat, mwenye vichwa vitano, aje atawale dunia. Wachezaji ndio mashujaa wanaopigana vita kuzuia asiitwe. Kijana alinieleza kwa moto kiasi kwamba nilisahau viti vyangu.

Nikiri kwamba jibu la neno moja lilikuwa tayari mdomoni. Nimelelewa kwa nyumba ambayo joka ni mmoja tu, yule wa Ufunuo 12, na hachezewi. Lakini nilisoma biashara kabla sijaitwa kwa huduma, na ile elimu ilinipa tabia ya kuuliza mambo yanaendeshwa vipi. Nikamwuliza, "Hao watu wanamwitaje huyo joka?" Akasema kwanza wanavamia vijiji na kukusanya mali ya watu, dhahabu na kila kitu, warundike kama sadaka. Damu ya mateka inakuja mwishoni. Nikauliza tena, "Na joka asipotokea, wafuasi wanaambiwa nini?"

Akacheka. "Kwa gemu yetu, yule mkubwa wao huwaambia hawakutoa vya kutosha."

Nilirudi nyumbani na hilo jibu. Nililala nalo, nikaamka nalo. Somo la leo limetoka hapo, na mbele kidogo utaona kwa nini lilinichoma.

Alice wa Opit

Vita ya namna hiyo imewahi kupiganwa hapa kwa jirani zetu, na haikuwa ya dadu.

Alice Auma alizaliwa mwaka 1956 kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi. Alikuwa mama wa biashara ndogo, akiuza samaki na unga pale Opit, kituo cha reli karibu na Gulu. Aliolewa, hakupata mtoto, ndoa ikavunjika. Mei 1985 aliingiwa na roho iliyojiita Lakwena, yaani mjumbe kwa Kiacholi. Alienda Paraa, kule mto Nile unakopita katika mbuga ya Murchison Falls, akakaa siku 40. Wafuasi wake walisema kwamba huko roho ilizungumza na wanyama na maji, ikiwauliza nani anayeleta vita nchini. Aliporudi akawa mponyaji. Agosti 1986 roho ikamwambia kuponya watu wanaoenda kuuawa kesho ni kazi bure. Aache uponyaji, aunde jeshi.

Usicheke haraka. Kumbuka ulikuwa wakati gani. Januari 1986 jeshi la Museveni lilikuwa limechukua Kampala. Maelfu ya wanajeshi wa Kiacholi walikimbilia nyumbani wakiwa na bunduki na damu ya watu mikononi. Wazee walishindwa kuwatakasa, na kila mtu aliogopa kisasi. Sasa mtu kama huyo akiambiwa kuna toba, kuna kuoshwa, kuna kuanza upya, si atakuja? Hata mimi ningekuja.

Na masharti yake! Yalikuwa 20. Usiibe. Usilewe. Usivute sigara. Usizini. Usibebe hirizi, na waliokuwa nazo walizitoa zikachomwa. Mengi ya hayo ungeyabandika kwenye ukuta wa kanisa letu na hakuna mtu angeshtuka. Jeshi lenyewe liliitwa kwa jina la Roho Mtakatifu, na walienda vitani wakiimba nyimbo za Kikristo. Msomi na waziri wa zamani wa elimu, Isaac Newton Ojok, alijiunga nao, kwa hivyo sisi wenye digrii tusijidanganye kwamba cheti ni kinga.

Halafu kuna mafuta. Askari walipakwa mwilini mafuta ya shea, yale yanayokamuliwa kutoka kwa mbegu za mti unaoota kule kaskazini. Waliambiwa aliye safi risasi haitamwingia. Waliambiwa mawe yaliyoombewa yatalipuka kama gruneti. Na kulikuwa na sharti moja ambalo likisomwa polepole linaumiza: ni marufuku kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Walikwenda wima, wamenyooka, wakiimba.

Mwanzoni walishinda. Ukiona watu wanakuja uso kwa uso bila kulala chini, hata wewe mwenye bunduki unaweza kutupa na kukimbia, na baadhi walikimbia kweli. Walitoka kaskazini wakapitia Lira, wakaingia Soroti, wakashuka upande wa Mbale na Tororo, mpaka karibu na Jinja, ambapo Kampala ni kama kilomita 80 tu. Hapo, mwishoni mwa mwaka 1987, walipigwa na silaha nzito na jeshi likasambaratika. Alice alivuka mpaka akaingia Kenya. Alifariki Januari 2007 katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapa hapa nchini kwetu.

Nani alikosea?

Hapa ndipo nataka tukae.

Watu waliopakwa mafuta walikufa kuanzia vita vya kwanza. Wenzao waliona kwa macho. Sasa kwa nini waliendelea kutembea wima mpaka Jinja? Kwa sababu maelezo yalikuwa tayari hata kabla ya risasi: aliyekufa alivunja sharti. Alikunywa mahali, alilala na mwanamke, aliiba kuku wa watu. Aliye safi hafi, huyu amekufa, basi huyu hakuwa safi. Marehemu hawezi kujitetea.

Angalia hiyo hesabu kama mtu wa duka. Bidhaa ikifanya kazi, sifa ni ya muuzaji. Ikikataa, kosa ni la mnunuzi. Bidhaa kama hiyo haiwezi kushindwa, hata izike kijiji kizima.

Waliosoma historia watakumbuka vita vya Maji Maji kule Tanganyika. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kule Rufiji, alisemekana kuingiwa na roho ya Hongo, roho ya majini, na simulizi za wazee zinataja nyoka mkubwa. Alitoa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Manung'uniko yao yalikuwa ya haki kabisa, watu walikuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu, na kuna jambo la kuheshimu katika makabila yaliyosimama pamoja. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti 1905, vita vikaendelea hadi 1907, na makumi ya maelfu ya watu wakafa, wengi wao kwa njaa. Na pale pia maji yalikuja na miiko, kwa hivyo aliyeanguka angeweza kuambiwa alivunja mwiko. Shakahola sitaieleza, sote tuliona mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 kutoka kwa msitu mmoja wa Kilifi.

Sasa fungua Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao ni lile lile la jeshi la Alice: ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi? Bwana anakataa swali lenyewe. Nenda Luka 13. Mnara umeanguka Siloamu, watu 18 wamekufa, na Yesu anauliza kama wanadhani hao walikuwa wabaya kuliko wengine Yerusalemu. Anajibu mwenyewe, hapana. Hakuwahi kumlaumu marehemu ili kulinda jina lake.

Kisha Mathayo 4. Shetani anampandisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajirushe, malaika watamdaka, na ana Zaburi ya kumwonyesha. Mpendwa, hiyo ndiyo ile ile ya usijifiche nyuma ya kichuguu. Ni ahadi ya kweli ya Mungu iliyogeuzwa kuwa amri ya kujiua. Yesu alikataa kujirusha.

Na Ufunuo 12? Joka anashindwa pale, ndiyo. Lakini soma mstari wa 11 taratibu. Walimshinda kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa ushuhuda wao, na mstari huo huo unaonyesha kwamba kifo kiliwakuta baadhi yao. Hakuna mahali imeandikwa kwamba hawakuguswa. Kanisa la kwanza lilizika watakatifu wake bila kuuliza walikula nini Jumanne.

Meza yetu

Sasa niseme kwa nini sikulala.

Mnaijua ile meza ya mafuta ya upako pale mlangoni. Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye nilimpelekea Baba Mchungaji ile karatasi. Tunanunua mafuta ya zeituni kwa jumla, tunapima kwa chupa ndogo, tunaombea, tunauza shilingi 200. Faida ilikuwa nzuri na tulikuwa na deni la vyombo vya muziki. Katika tangazo niliweka maneno "tumia kwa imani bila shaka", na nilijivunia hayo maneno.

Mama mmoja wa seli yetu alinunua chupa tatu. Amenipa ruhusa nisimulie, jina nalihifadhi. Alikuwa na presha kwa miaka mingi na alimeza dawa zake kila asubuhi. Alijipaka mafuta, akaweka dawa kwa kabati. Aliniambia baadaye kwamba kuendelea kumeza ingekuwa ni kuonyesha shaka, na tangazo lilisema bila shaka. Februari alianguka jikoni akipika uji. Upande wa kushoto haujarudi vizuri mpaka leo.

Nilienda hospitali kumwombea. Kwenye korido mwanawe aliniuliza kwa nini Mungu ameruhusu. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nikasema, "Pengine kulikuwa na shaka kidogo moyoni."

Kijana akaniangalia kwa muda. Akasema, "Pasta, kwa mama au kwa mafuta?"

Sikuwa na jibu. Nilipanda matatu Kangundo Road nikiwa nimemkasirikia. Miezi ilipita nikiwa bado na kahasira kangu, mpaka yule wa gemu aliponiambia hawakutoa vya kutosha, nikajisikia mwenyewe pale koridoni. Mimi ndiye nilikuwa yule mkubwa wao.

Yakobo 5 bado iko kwa Biblia na siifuti. Mgonjwa awaite wazee, wamwombee, wampake mafuta. Nimeona Mungu akiponya, na sitaacha kuomba. Lakini angalia nani anatembea: wazee ndio wanamwendea mgonjwa. Bei haijatajwa, na hakuna mahali ameambiwa atupe dawa. Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo, na hakumwambia imani yake ni ndogo. Katika Luka 10 yule Msamaria alimwaga mafuta na divai kwa vidonda, kisha akampandisha mtu kwa punda wake, akampeleka nyumba ya wageni na kulipa dinari mbili kutoka mfukoni mwake, na akaahidi kuongeza zikipungua. Mafuta yalikuwa yake na bili ilikuwa yake.

Nilimwendea mama nikaomba msamaha mbele ya mwanawe. Alinishika mkono kwa ule wa kulia, akaniuliza kama nimekula. Nilimwendea pia Baba Mchungaji na ile karatasi yangu ya faida. Tuliongea mpaka saa nne usiku. Haikuwa rahisi, deni la vyombo bado lipo, lakini tulikubaliana.

Yule kijana wa gemu nilimwambia aendelee kucheza, mradi amalize masomo yake kwanza, na nikampa kazi: atafute kwa nini wanakijiji wa hadithi yao walijiunga na kile kikundi mwanzoni. Atatuletea jibu ibada ya vijana ijayo. Mathe wake amekubali, kwa shingo upande.

Kwa hivyo Jumapili hii hamtaona chupa pale mlangoni. Mtaniona mimi na daftari la mauzo. Aliyenunua atarudishiwa shilingi 200 kwa kila chupa, hata kama imeisha, hata kama jina lake halikuandikwa. Kama uliacha dawa yoyote, ya presha, ya sukari, ya ARV, kwa sababu ya jambo lililosemwa kwenye madhabahu yetu, usingoje Jumapili. Rudi kliniki kesho asubuhi. Ukiogopa kwamba daktari atakugombeza, nipigie simu, tutaenda pamoja. Nauli ni yangu.