SOMO LA WIKI: Makorokoro ya nyumbani, kubeba mwenyewe au kukodi watu?

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wana chumba cha uani au banda lililojaa makorokoro: friji lililokufa, makochi yaliyochomoza springi, mabati yenye kutu, sufuria zilizotoboka, nyaya, betri za gari na makopo ya rangi. Chumba hicho kingeweza kupangishwa au kuwekewa mali ya duka. Mwenye nyumba husema atakisafisha mwenyewe akipata nafasi, kwa madai kwamba watu wa kukodi ni ghali. Kauli hiyo inafaa kupimwa kwa shilingi.

Chukua mfano wa mwenye duka la Kariakoo ambaye nyumba yake iko Tabata na ana pikapu. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Makorokoro yake yanajaza gari mara mbili. Mwenye kirikuu pamoja na wapakiaji wake anataka Sh. 70,000/- kwa kila safari, jumla Sh. 140,000/-. Akibeba mwenyewe, mafuta ya safari mbili ni Sh. 60,000/-, vibarua wawili Sh. 30,000/- na malipo ya kumwaga Sh. 10,000/-, jumla Sh. 100,000/-. Hapo huona ameokoa Sh. 40,000/-.

Kilichosahauliwa ni duka. Kama siku hiyo limefungwa, na faida yake ya kawaida kwa siku baada ya gharama zote ni Sh. 60,000/-, kazi hiyo imemgharimu Sh. 160,000/-. Badala ya kuokoa, amepoteza Sh. 20,000/- na mgongo unamuuma. Hata hivyo, hesabu hugeuka kwa mtu mwenye msaidizi anayeaminika. Ikiwa upungufu wa mauzo kwa kutokuwepo kwake unamnyima faida ya Sh. 20,000/- tu, kubeba mwenyewe kunagharimu Sh. 120,000/-, na hapo anawashinda watu wa kukodi. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anabaki kwenye kaunta.

Lakini tofauti hizo zote ni ndogo zikilinganishwa na kusubiri. Chumba kinachoweza kupangishwa kwa Sh. 50,000/- kwa mwezi, kikikaa miezi miwili kwa sababu mwenyewe "hajapata nafasi", kimekwisha kula Sh. 100,000/-. Anayebishana na mwenye gari juu ya Sh. 10,000/- huku akiahirisha kazi hadi mwezi ujao anajidanganya.

Sababu mojawapo ya usafiri kuwa ghali ni historia ya madampo ya jiji. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kupinga dampo lililokuwa likiwachoma kwa moshi. Baada ya kuondolewa hapo, taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya jiji. Mwenye gari anauza kilometa, na kilometa hizo analipa pia anayebeba mwenyewe. Wazoaji wa kila wiki, ambao mfumo wao ulianza Jiji lilipokabidhi sehemu ya kazi hiyo kwa kampuni binafsi mwaka 1994, kwa kawaida huchukua taka za jikoni. Kabati na kochi havimo katika ada yao.

Njia ya kupunguza gharama, basi, ni kupunguza mzigo kabla ya kuita gari. Kuchambua kunaweza kufanyika jioni mbili, duka likishafungwa. Chuma, alumini, shaba na betri viwekwe mbali, na mnunuzi wa vyuma chakavu aitwe avichukue hapo hapo. Kama atalipa Sh. 40,000/- na mzigo uliobaki ukatosha gari moja, kukodi kunabaki Sh. 70,000/-, na gharama halisi ni Sh. 30,000/- tu. Asiyechambua huwapa wapakiaji shaba yake bure, kisha anawalipa kwa kuibeba.

Bei ya shaba na alumini hufuata mwelekeo wa Soko la Metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877, ambako hutajwa kwa dola kwa tani. Bei ya mtaani huwa chini, maana kila mkono unaopitia hukata chake. Waya usichomwe moto: moshi wa plastiki ni sumu, na shaba iliyoungua hupata bei ndogo kuliko iliyomenywa ikang'aa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, hivyo ina mnunuzi wake, ila iuzwe nzima, kwani tindikali yake huunguza. Mabomba ya friji yasikatwe ovyo. Mafriji mengi ya zamani yana gesi ya R-12, inayodhuru tabaka la ozoni.

Mizani ya mnunuzi ipimwe kwanza. Mwenye duka ana dawa rahisi: mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa. Ukisoma kilo 21, mazungumzo yaanzie hapo.

Kwa upande wa watu wa gari, bei isikubaliwe kwa simu. Waje waone mzigo, na ijulikane kama "safari" ni bodi iliyojaa au nusu, na kama kupakia, utingo na malipo ya dampo vimo ndani. Anayetaja bei ya chini mno aogopwe, kwa sababu huenda hana nia ya kufika dampo. Mzigo wake huishia mtaroni au bonde la Msimbazi, na mara kadhaa mvua kubwa imefunga barabara ya Morogoro pale Jangwani, wateja wa Kariakoo wakabaki ng'ambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo ofisi ya kata ni mahali pazuri pa kuulizia nani ana kibali.

Nusu ya malipo itolewe gari likiondoka, kijana wa nyumbani apande pamoja na utingo, na nusu ya pili itolewe akirudi na habari kwamba mzigo umemwagwa dampo.